Maoni – Kisangani: kama kurusha ndege ya frigoliti ni kosa, tuambiwe kwa Kiswahili

Ilikuwa Jumapili jioni, kwenye uwanja mmoja wa mpira hapa Kisangani. Kijana wa miaka kama 16 alikuwa anarusha ndege aliyoitengeneza mwenyewe. Mabawa aliyakata kwenye frigoliti, ile nyeupe nyepesi inayokuja ndani ya masanduku ya televisheni. Mota na betri alivitoa kwenye kitu cha kuchezea kilichokuwa kimeharibika. Telekomandi aliazima kwa rafiki yake. Ndege nzima ilikuwa nyepesi kuliko chupa ndogo ya maji. Ilizunguka mara tatu juu ya magoli, watoto wakapiga kelele za furaha, na watu wa toleka wakasimamisha baiskeli zao kutazama.

Mzunguko wa nne haukuisha. Watu wawili wenye sare waliingia uwanjani wakamwamuru kijana ashushe ndege.

"Shefu, ni ya kuchezea tu," kijana akasema.

"Nani alikupa ruhusa ya kurusha droni? Hujui nchi iko vitani?"

Nilisogea, nikasalimia kwa heshima, nikauliza ni sheria gani iliyovunjwa. Mmoja akanijibu bila ukali: "Papa, hayo ni mambo ya usalama. Usiingie ndani." Wakaondoka na ndege pamoja na telekomandi.

Kesho yake mama wa yule kijana alienda kuuliza. Aliambiwa kuna amandi ya kulipa. Alilipa alichokuwa nacho, hakupewa karatasi yoyote. Alirudishiwa ndege bila mota na bila betri. Telekomandi, ambayo ni mali ya mtoto wa watu wengine, haikurudi kabisa.

Sitataja kikosi wala kituo, maana nia yangu si kumshitaki mtu mmoja. Nataka tujiulize jambo ambalo mji wetu utazidi kukutana nalo: kanuni za anga zinamfikiaje mkaaji wa kawaida anayerusha kitu kidogo kwa kujifurahisha au kujifunza? Na zikimfikia, zinamfikia kama sheria au kama usumbufu?

Woga wetu una sababu

Nianze kwa kusema wazi: wenye mamlaka hawakosei wanapoangalia juu. Kisangani ni mji ambao mara nyingi umepata mateso kutoka angani. Wazee wetu wanakumbuka tarehe 24 Novemba 1964, askari wa miavuli wa Ubelgiji walipodondoka Simi-Simi kutoka ndege za Marekani. Waliokuwa hapa mwezi Juni 2000 hawajasahau siku sita ambazo majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji wetu, mabomu yakiangukia nyumba za watu wasiohusika na lolote. Na mwanzoni mwa mwaka huu wa 2026 droni zenye silaha zilirushwa kuelekea kiwanja cha ndege cha Bangoka, na AFC/M23 ikatangaza kwamba ndiyo iliyozituma. Tangu siku hiyo mlio wowote mdogo angani unafanya watu watoke nje ya nyumba na kutazama.

Kuna pia ajali ambazo hazina vita ndani yake. Tarehe 8 Julai 2011, Boeing 727 ya Hewa Bora ilianguka karibu na Bangoka ikijaribu kutua katika hali mbaya ya hewa. Watu zaidi ya 70 walikufa. Rubani anayeshuka katika mvua ya Tshopo hahitaji kitu kingine cha kumsumbua mbele ya kioo chake.

Hata ndege isiyo na rubani inayotumwa kwa nia njema inaweza kuua. Mwezi Oktoba 2006, wakati wa uchaguzi, ndege ya upelelezi isiyo na rubani ya jeshi la Ubelgiji, iliyokuwa katika kikosi cha Umoja wa Ulaya, ilianguka Kinshasa. Mtu mmoja alikufa na wengine wakajeruhiwa. Ile ilikuwa mashine kubwa ya jeshi, lakini funzo linabaki kwa wote: kinachopanda kinaweza kushuka juu ya kichwa cha mtu.

Kwa hiyo sitetei anga lisilo na kanuni. Atakayerusha kitu karibu na njia ya ndege ya Bangoka, kilometa kama 17 kutoka katikati ya mji, azuiwe. Atakayerusha juu ya kambi ya jeshi azuiwe. Atakayerusha juu ya soko au juu ya watu wanaosali azuiwe pia. Ninachouliza ni namna ya kumzuia, na kama alikuwa na njia yoyote ya kujua mapema.

Sheria iko, lakini iko mbali

Kimataifa, msingi ni mkataba uliotiwa sahihi Chicago tarehe 7 Desemba 1944. Kifungu chake cha 8 kinasema ndege inayoweza kuruka bila rubani haiwezi kupita juu ya nchi bila ruhusa maalum ya nchi hiyo. Lakini mwaka 2011 shirika la kimataifa la usafiri wa anga, OACI, lilieleza kwamba ndege ndogo za modeli, zinazorushwa kwa kujifurahisha tu, haziingii katika mkataba huo. Kila nchi inazipangia kanuni zake yenyewe. Maana yake ni kwamba habari ya yule kijana wa frigoliti haiamuliwi Chicago wala Montréal. Inaamuliwa hapa kwetu.

Hapa kwetu sheria mama ni Sheria namba 10/014 ya tarehe 31 Desemba 2010 kuhusu usafiri wa anga wa kiraia. Anayesimamia ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga wa Kiraia, inayojulikana kama AAC. RVA inaendesha viwanja vya ndege na kuongoza ndege angani. Hawa wawili ndio wenye ujuzi wa kusema wapi ni hatari, wapi si hatari, na kwa kimo gani.

Sasa jaribu, ndugu msomaji. Toka nyumbani kwako Mangobo, Kabondo au Lubunga, utafute karatasi moja inayomweleza mtoto wa shule kwa Kiswahili au Lingala: ndege ya kuchezea inaruhusiwa hapa, hairuhusiwi pale, ukikosea utalipa kiasi hiki, na utalipia mahali hapa. Nimeuliza walimu, wapiga picha wa harusi wenye droni ndogo, na viongozi wa kartie. Wote wananijibu kwamba "ni lazima uwe na ruhusa". Hakuna hata mmoja aliyenionyesha ilipoandikwa.

Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006 ililiona tatizo hili mapema. Kifungu cha 142 kinaipa serikali kazi ya kusambaza sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa, katika siku 60 tangu itangazwe na rais. Lugha hizo ni Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba. Mtaalamu wa sheria ataniambia kwamba kifungu hicho kinasema sheria, hakisemi kanuni za ufundi zinazotolewa na wizara au AAC. Nakubali. Lakini akubali naye kwamba anayeadhibiwa uwanjani anaadhibiwa kwa kanuni hizo hizo za ufundi. Kama sheria kubwa lazima ifike kwa lugha ya watu, kanuni ndogo inayomnyang'anya mtoto kitu chake haiwezi kubaki kwenye kabati ya ofisi ya Kinshasa.

Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 17, inasema hakuna wa kushitakiwa kwa tendo ambalo halikuwa kosa wakati alipolitenda. Kifungu cha 18 kinasema anayekamatwa aelezwe mara moja sababu ya kukamatwa kwake, kwa lugha anayoielewa, na asishikiliwe na polisi zaidi ya saa 48 bila kuachiliwa au kupelekwa mbele ya mamlaka ya sheria. Neno "usalama" peke yake si sababu. Ni jina la jambo kubwa, na kwa sababu ni kubwa halifai kutumiwa kufunga mdomo wa mtu anayeuliza.

Uingereza na Marekani nao walijifunza kwa gharama

Tusidhani shida hii ni ya Kongo peke yake. Mwezi Desemba 2018, siku chache kabla ya Noeli, watu walisema wameona droni karibu na kiwanja cha Gatwick, kusini mwa London. Kiwanja kilifungwa zaidi ya siku moja. Safari kama 1000 ziliharibika, na abiria wapatao 140 000 walikwama. Nchi nzima ilitaka mkosaji apatikane haraka.

Polisi wakapata mtu. Alikuwa mkaaji wa karibu na kiwanja aliyejulikana kupenda kurusha ndege ndogo za modeli. Walivamia nyumba yake wakiwa na silaha, wakamchukua yeye na mke wake, wakawashikilia saa 36. Magazeti yalitoa majina na picha zao. Wakati droni ilipodaiwa kuonekana, mume huyo alikuwa kazini, na mwajiri wake alilithibitisha hilo. Waliachiliwa bila mashtaka. Mwaka 2020 polisi walikubali kulipa kama pauni 200 000 kwa fidia na gharama za mawakili. Aliyerusha droni ya Gatwick, kama droni ilikuwepo, hajapatikana mpaka leo.

Nimeleta habari hii kwa sababu inafanana sana na hatari yetu. Hofu inapokuwa kubwa, anayekamatwa ni yule anayeonekana. Anayependa ndege ndogo anarusha mchana, uwanjani, mbele ya watu. Hajifichi. Mwenye nia mbaya yuko mbali. Droni ya vita inayofika Bangoka inatoka mbali sana, ikiongozwa na vyombo ambavyo kijana wa Kisangani hajawahi hata kuvishika. Ukinyang'anya frigoliti mia moja katika komini zote sita za mji wetu, hujapunguza hata moja ya zile zinazotoka mbali. Umepoteza muda wa askari, na umepoteza imani ya familia mia moja.

Mfano wa pili unatoka Marekani. Mwaka 2011 Raphael Pirker alirusha ndege ya povu juu ya eneo la Chuo Kikuu cha Virginia ili kupiga video ya kulipwa. Mamlaka ya anga ya Marekani ikamtoza dola 10 000 kwa kurusha kwa njia ya hatari. Aliipinga faini hiyo. Mwezi Machi 2014 hakimu alisema mamlaka haikuwa na kanuni ya kumwadhibu kwayo, kwa kuwa kuhusu ndege za modeli ilikuwa imetoa mashauri tu, tena tangu mwaka 1981. Mwezi Novemba mwaka huo baraza la juu likageuza uamuzi huo, likasema ndege ya modeli nayo ni ndege. Mwezi Januari 2015 pande mbili zikaelewana: Pirker akalipa dola 1 100 bila kukubali kosa.

Mtu anaweza kucheka kwamba zilitumika zaidi ya miaka mitatu kwa sababu ya povu linaloruka. Mimi naona kitu kingine. Kila hatua ya kesi ile ilikuwa na karatasi: barua ya mashtaka, jibu la mshitakiwa, hukumu ya hakimu, rufaa, mapatano. Mwishoni kila mrushaji wa nchi ile alijua amesimama wapi. Mama wa kijana wetu alilipa makuta yake na hajui mpaka leo alilipia kosa gani. Mwanawe akirusha tena kesho, hajui kama anarudia kosa au anatumia haki yake.

"Wakati wa vita hakuna mchezo"

Najua jibu nitakalopewa. Rafiki yangu mmoja, mtu mzima mwenye akili, aliniambia: "Ndugu, watu wanakufa Kivu na Ituri, wewe unaandika habari ya michezo ya watoto?" Wengine wataongeza kwamba askari aliye uwanjani hana darubini ya kujua kama kinachoruka kina bomu au hakina, na akisubiri kujua anaweza kuwa amechelewa.

Hoja hiyo ina uzito, na sitaki kuipita juu juu. Askari hawezi kubahatisha. Lakini hoja hiyo inatupeleka kwenye kanuni iliyo wazi. Kama wenye mamlaka wanaona kwamba kwa wakati huu hakuna kitu cha kuruka juu ya Kisangani, waseme hivyo kwa maandishi. Waseme katazo linaanza lini, linahusu eneo gani, linaisha au kuchunguzwa upya lini, na atakayelivunja atafanywa nini. Lisomwe redioni kwa Kiswahili na Lingala, libandikwe kwenye ofisi za komini na kwenye shule. Nitakuwa wa kwanza kumwambia yule kijana aweke ndege yake chini ya kitanda mpaka siku ya ruhusa. Katazo la wazi tunaweza kulivumilia, maana linamgusa mtoto wa mkubwa na mtoto wa mchukuzi kwa kipimo kimoja.

Kisichovumilika ni katazo linaloishi mdomoni mwa aliyekukuta. Leo linakuwepo, kesho halipo. Kwa mwenye jamaa mkubwa linapotea, kwa mtoto wa mama muuza pondu linarudi. Na katika hali hiyo hata usalama wenyewe unapungua. Wanaorusha ndege ndogo wanajua milio na maumbo ya vitu vinavyoruka kuliko wengi wetu. Wangeweza kuwa wa kwanza kutoa habari wanaposikia mlio wasioufahamu. Lakini nani ataenda kutoa habari kwa mtu aliyemchukulia betri yake?

Tunachopoteza

Wako wanaoona ndege ya frigoliti kama upuuzi. Ningewaomba waangalie ramani ya jimbo letu. Tshopo ina zaidi ya kilometa za mraba 199 000, ndilo jimbo kubwa kuliko yote katika RDC. Mtu wa Opala, wa Yahuma au wa Bafwasende anajua dawa inavyofika kwao: kwa mtumbwi, kwa pikipiki, kwa mabega ya watu, na wakati mwingine haifiki. Ndugu zetu wa jimbo la Équateur walianza kuona njia nyingine mwaka 2019, shirika la VillageReach na kampuni ya Swoop Aero ya Australia zilipoanza kusafirisha chanjo kwa droni kutoka Mbandaka kwenda vijijini, kwa kibali cha serikali. Kumbe nchi yetu inaweza kutoa ruhusa, na anga lake linaweza kutumika kwa uzima.

Siku kazi kama ile itakapofika Tshopo, nani atazitengeneza mashine hizo zikiharibika? Tutaleta wageni kila mara? Mtoto anayejifunza leo kwa nini bawa la kushoto likiwa zito ndege inapinda, anajifunza somo ambalo shule nyingi za kwetu hazina vifaa vya kulifundisha. Nchi yetu imewahi kuona moyo wa namna hiyo. Mhandisi Jean-Patrice Keka alirusha roketi zake za Troposphère huko Menkao, nje ya Kinshasa, watu wengine wakimcheka. Si lazima kila kijana wa Mangobo awe Keka. Inatosha asijifunze akiwa mdogo kwamba ukitengeneza kitu kwa mikono yako utachukuliwa kama mhalifu.

Malawi, ambayo nayo haina utajiri, iliona jambo hili. Mwezi Juni 2017 serikali yake pamoja na UNICEF walitenga eneo la anga huko Kasungu kwa ajili ya majaribio ya droni, likiwa na mipaka na kimo kinachojulikana. Mwaka 2020 wakafungua Lilongwe chuo cha kufundisha vijana wa Afrika kazi ya droni. Walianza kwa kuchora mstari kwenye ramani na kusema: hapa ndani mnaweza.

Mambo matano yasiyohitaji bajeti kubwa

Kwa hiyo natoa pendekezo kwa AAC, RVA, serikali ya jimbo na ofisi ya meya. Hakuna katika haya linalohitaji mfadhili.

La kwanza, ukurasa mmoja wa kanuni kwa Kiswahili, Lingala na Kifaransa. Uzito wa ndege ya kuchezea usizidi kiasi fulani. Kimo kisizidi meta 120, kipimo ambacho Ulaya na Marekani wanakitumia kwa wapenzi wengi wa ndege ndogo. Mrushaji aione ndege yake kwa macho muda wote. Asirushe usiku. Asirushe juu ya watu. Ukurasa huo utaje kwa majina mahali pa kukaa mbali: Bangoka, Simi-Simi, kambi za jeshi na polisi, bwawa la umeme la Tshopo.

La pili, uwanja mmoja, hata kama ni Jumapili moja tu kwa mwezi. Simi-Simi iko karibu sana na mji, basi uwanja huo utafutwe mbali nayo, labda upande wa barabara ya Buta. RVA na jeshi waamue, wao ndio wanaojua njia za ndege. Askari mmoja asimame hapo akitazama. Atakayerusha pale anajulikana, na atakayerusha kwingine hana kisingizio.

La tatu, mtu mmoja wa kuuliza. Leo mrushaji anaweza kusimamishwa na kila mwenye sare, na kila mmoja anadai kwamba anga ni lake. Iandikwe ni huduma gani yenye haki ya kukagua, na nyingine zitoe habari kwa hiyo.

La nne, karatasi. Kinachochukuliwa kiandikwe: ndege moja, betri moja, telekomandi moja, tarehe, jina na sahihi ya aliyechukua. Faini ya kweli ya serikali ina njia yake: inaandikiwa karatasi ya malipo, inapita DGRAD, inalipwa banki. Makuta yanayopita mkono kwa mkono hayaingii katika hazina ya taifa, na hayamlindi abiria hata mmoja wa Bangoka.

La tano, adhabu ilingane na kosa. Mtoto aliyerusha frigoliti uwanjani kwa mara ya kwanza apewe onyo na ule ukurasa mmoja, na mzazi aitwe. Aliyerusha karibu na njia ya ndege akijua, huyo apelekwe mbele ya sheria. Kuwaweka hawa wawili katika kikapu kimoja ni kumfanya yule wa pili aonekane mdogo.

Na sisi wazazi na vijana tuna sehemu yetu. Tusisubiri serikali ili kuwa na akili. Kijana andika jina la mzazi na namba ya simu juu ya bawa. Usirushe karibu na Bangoka wala Simi-Simi, hata kama hujamwona askari. Ukisikia helikopta au ndege kubwa, shusha yako mara moja. Kabla ya kurusha, mwambie kiongozi wa kartie. Usipige picha za nyumba za watu wala za askari. Walimu wa shule zenye sehemu ya ufundi wanaweza kukusanya vijana hawa katika chama kidogo, chenye orodha ya majina na mtu mzima anayejibu kwa niaba yao. Anayekuja na orodha na kanuni zake mwenyewe ni vigumu kumwita mpelelezi.

Nilikutana tena na yule kijana juma lililopita. Nilimuuliza kama ametengeneza nyingine. Akasema: "Papa, nimekata mabawa tayari, lakini mama hataki. Anasema mpaka tujue." Mama huyo anauliza jambo moja tu: inaruhusiwa au hairuhusiwi, na wapi. Ukurasa mmoja uliobandikwa kwenye mlango wa komini ungemjibu. Wenye kazi ya kuuandika wana ofisi zao hapa hapa Kisangani.